Homa siku ya tano, vipimo vyote safi, macho mekundu: kwa nini ugonjwa wa mishipa ya damu kwa watoto unachelewa kugundulika

#1 · Mleta uzi

Salaam wadau. Mimi ni tabibu, nafanya kazi wodi ya watoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Naleta jambo linaloniuma kila nikifungua faili la mtoto aliyezungushwa vituo vitatu au vinne kabla ya kutufikia. Uzi ni mrefu, ila mwenye mtoto mdogo nyumbani namuomba ausome wote.

Safari yenyewe huwa hivi. Mtoto wa miaka miwili anapata homa kali. Zahanati wanapima malaria, hakuna. Anaambiwa ni UTI au mafua, anapewa amoksilini. Siku ya tatu homa iko palepale, mama anahamia kituo kingine. Huko wanapima Widal, inasoma, mtoto anaanzishiwa sindano za taifodi. Siku ya nne anatoka harara mwilini, inasemekana ni mzio wa sindano, dawa inabadilishwa. Siku ya tano macho yanakuwa mekundu pande zote mbili, anapewa matone. Siku ya saba midomo imekauka na kupasuka, mama anaambiwa ni fangasi za mdomoni. Siku ya kumi na moja au kumi na mbili homa inakatika yenyewe. Nyumbani wanamshukuru Mungu, na dawa ya mwisho kutolewa ndiyo inayosifiwa. Wiki inayofuata ngozi ya ncha za vidole inaanza kuambuka. Safari hii wanapewa dawa ya kupaka.

Hayo majina sita ya magonjwa yalikuwa ugonjwa mmoja. Unaitwa Kawasaki. Ni mmoja wa jamii ya magonjwa yanayoitwa vaskulitisi, yaani kinga ya mwili inashambulia kuta za mishipa ya damu, kuta zinavimba, mshipa unaziba, unasinyaa au unatuna. Kwenye Kawasaki mishipa inayoshambuliwa zaidi ni ya koronari, ile inayolisha moyo wenyewe. Mtoto asipotibiwa, takriban mmoja kati ya wanne anabaki na mishipa ya koronari iliyotuna. Akipata dawa sahihi ndani ya siku 10 za mwanzo wa homa, hatari hiyo inashuka hadi karibu asilimia 4. Kwa hiyo huyu mtoto ambaye homa "imepona yenyewe" anaweza kurudi kucheza, kwenda shule, halafu akiwa kijana mdogo apate shambulio la moyo ambalo hakuna anayeelewa limetoka wapi.

Daktari wa watoto Tomisaku Kawasaki alimuona mgonjwa wake wa kwanza wa aina hii Tokyo mwaka 1961, mtoto wa kiume wa miaka minne. Hakuandika kitabu siku ileile. Aliendelea kukusanya wagonjwa, na mwaka 1967 akachapisha taarifa ya watoto 50. Nalitaja hili kwa sababu lina funzo la kazi: ugonjwa ulionekana kwa kuwa mtu mmoja alikaa karibu na vitanda, akaandika kila dalili na siku yake. Hadi leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "hii ni Kawasaki". Chanzo chake pia hakijajulikana. Utambuzi unafanywa kwa macho, mikono na hesabu ya siku.

Dalili zenyewe: homa ya siku tano au zaidi, pamoja na nne kati ya hizi. Macho mekundu yote mawili bila usaha wala tongotongo. Midomo mekundu iliyopasuka, au ulimi mwekundu wenye vinundu. Harara mwilini. Viganja na nyayo kuvimba na kuwa vyekundu, kisha baada ya wiki mbili au tatu ngozi kuambuka kuanzia chini ya kucha. Na mtoki shingoni, mara nyingi upande mmoja, wenye upana wa sentimita moja na nusu au zaidi.

Sasa hapa ndipo tatizo lilipo. Dalili hizi hazisubiriani. Harara inaweza kuja siku ya tatu na kufutika siku ya tano. Macho yanaweza kuwa yamesafika siku mtoto anapofikishwa kwa daktari bingwa. Kila mhudumu anakutana na kipande kimoja, anakitibu, anaandika jina la kipande hicho. Na sisi wazazi wa Kiafrika tukiona siku mbili hakuna nafuu tunahama kituo, na tukihama tunaacha historia nyuma. Daftari jipya, kadi mpya, hadithi inaanza upya na "ana homa tangu juzi". Msimamo wangu ni kwamba vaskulitisi kwa watoto wetu haitushindi kwa kukosa mashine kubwa tu. Inatushinda kwanza kwa sababu mlolongo wa siku unakatika, na hakuna mtu mmoja aliyeushika wote.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja.

#2 · Baba wa watoto wawili, Dodoma

Shukrani mkuu. Ila nina shaka. Kila homa ya siku tano tukiiita Kawasaki si tutajaza hospitali bure? Halafu huu si ugonjwa wa Wajapani?

#3 · Mleta uzi

Maswali mazuri yote mawili mkuu.

Kuhusu Wajapani. Kweli wanaongoza duniani. Kabla ya korona walikuwa wakiandikisha zaidi ya watoto 300 kwa kila 100,000 wa chini ya miaka 5 kwa mwaka. Lakini angalia Marekani, ambako wagonjwa wanahesabiwa vizuri: watoto weusi wanaupata mara nyingi kuliko watoto weupe. Damu yetu haijakingwa. Tukisema Afrika hatuna Kawasaki, mimi naamini sehemu kubwa ya jibu ni kwamba hatuitafuti.

Kuhusu homa, hapana, sisemi kila homa. Malaria ipimwe kwanza, na ipimwe kweli. Homa ya uti wa mgongo, nimonia na usaha kwenye mkojo vitafutwe. Lakini kuna namna ya kutofautisha. Surua inakuja na kikohozi na kamasi nyingi, macho yanatoa machozi na tongotongo, upele unaanzia nyuma ya masikio na usoni ndipo ushuke. Mtoto wa Kawasaki macho yake ni mekundu lakini makavu. Adenovirusi nao huleta macho mekundu na homa ndefu, na huyu ndiye anayetusumbua sana kwa sababu mara nyingi hakuna kipimo chake karibu.

Kuna nyingine ya kwetu hasa: sikoseli. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye viganja na nyayo zilizovimba, hapa Tanzania mtu yeyote atawaza selimundu kwanza, na anawaza sawasawa. Apimwe. Ila kipimo cha sikoseli kikirudi safi na homa bado inaendelea, usifunge faili. Uliza macho, uliza midomo, vua nguo uangalie kinena. Kwenye Kawasaki ngozi ya kinena huwahi kuwa nyekundu na kuambuka mapema, siku nyingi kabla ya vidole. Sisi tunawaacha watoto na nepi zao na kuwasikiliza kifua tu.

Na kuna dalili moja ambayo nchi zetu tunayo faida nayo. Watoto wetu wanachanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, wanapozaliwa. Kwa mtoto mchanga mwenye Kawasaki, kovu lile la BCG linaweza kuwaka upya, likawa jekundu na gumu, wakati hakuna mtu aliyeligusa. Halionekani kwa wote, lakini likionekana kwa mtoto mwenye homa ya siku kadhaa ni ishara kubwa. Wenzetu wa nchi zisizotoa BCG hawana dirisha hilo. Kuinua mkono wa shati la mtoto hakuhitaji bajeti.

Watoto wa chini ya miezi sita ndio wananitisha kuliko wote. Hao mara nyingi hawatimizi dalili nne. Wanakuwa na homa na kulia kusikobembelezeka, pengine macho kidogo, basi. Na ndio wenye hatari kubwa zaidi ya mishipa ya moyo kutuna. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwaka 2017 unasema mtoto wa umri huo akiwa na homa siku saba bila sababu kujulikana, apimwe damu, na vipimo vya damu vikionyesha kuna uvimbe mwilini apigwe eko ya moyo (picha ya moyo kwa ultrasaundi) hata kama hana dalili nyingine.

#4 · Mtaalamu wa maabara, Mbeya

Mleta uzi umenigusa kwenye Widal, naomba niongezee.

Widal moja yenye namba ya juu haithibitishi taifodi. Kipimo kinatafuta chembe za kinga, na mtu aliyewahi kupata taifodi, au maambukizi mengine yanayofanana, anaweza kusoma bila kuwa na taifodi leo. Sisi maabara tunalijua hili lakini jibu likitoka limeandikwa "1:160" tayari mgonjwa ana ugonjwa.

Cha pili, mkojo. Nimeona mara nyingi karatasi inarudi na chembe nyeupe nyingi kwenye mkojo wa mtoto, daktari anaandika UTI. Kwenye Kawasaki chembe nyeupe zinaingia kwenye mkojo bila bakteria yeyote, kwa sababu njia ya mkojo yenyewe imevimba. Ukiotesha mkojo hakuna kinachoota. Shida ni kwamba wengi hawaoteshi, au mtoto ameshameza dawa siku tatu kabla ya mkojo kuchukuliwa, kwa hiyo hata usipoota wanasema dawa imefanya kazi.

Cha tatu, chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) kwenye FBP, kipimo cha picha nzima ya damu. Watu wanasoma kwamba Kawasaki chembe sahani hupanda sana, wanapima siku ya nne, wanaona ni za kawaida, wanaiondoa Kawasaki kwenye orodha. Hizo hupanda wiki ya pili na kuendelea. Siku ya nne kuwa za kawaida hakusemi chochote.

ESR, kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini, ni cha bei nafuu, hata vituo vya afya wengi wanaweza. Kimesahaulika kwa sababu kimezoeleka.

#5 · Mleta uzi

Mkuu wa maabara umemaliza. Niunganishe tu na namna tunavyotumia namba hizo kwa mtoto ambaye dalili hazijatimia, maana hao ndio wengi wanaotuponyoka.

Mtoto ana homa siku tano au zaidi na dalili mbili au tatu. Pima CRP (nayo ni kipimo cha damu cha uvimbe mwilini) na ESR. CRP ikifika 30 mg kwa lita, au ESR ikifika 40, endelea: angalia upungufu wa damu kwa umri wake, chembe nyeupe kufika 15,000, chembe sahani kufika 450,000 baada ya siku ya saba, albumini (protini ya damu) kushuka hadi gramu 3 kwa desilita au chini yake, kimeng'enya cha ini ALT kupanda, na chembe nyeupe 10 au zaidi kwenye mkojo ukitazamwa kwa darubini. Akiwa na matatu kati ya hayo, au eko ikionyesha mishipa ya koronari imetanuka, anatibiwa kama Kawasaki.

Lakini fikiria mazingira yetu. Mtoto wa Kitanzania mwenye upungufu wa damu ana sababu kumi za kuwa nao: malaria, minyoo, lishe, sikoseli. Albumini ya chini inaweza kuwa utapiamlo. ESR ya juu, TB. Vigezo hivi vilitungwa mahali ambapo mtoto wa kawaida ana damu ya kawaida, kwa hiyo kwetu namba ileile inabeba uzito mdogo zaidi. Ndiyo maana nang'ang'ania hesabu ya siku na macho ya mzazi. Havichanganywi na minyoo.

Na eko ikiwa safi wiki ya kwanza, hiyo haifuti ugonjwa. Inarudiwa.

#6 · Mama wa mtoto wa miaka sita, Mwanza

Nimesoma machozi yananitoka. Wa kwangu haikuwa Kawasaki, ilikuwa ile ya vipele vya miguuni, waliandika "HSP". Ilianza na tumbo. Tumbo linamkata, anajikunja, anatapika. Tukaenda hospitali, wakasema kidole tumbo, wakamuandaa kwa upasuaji. Miguu wala hakuna aliyeiangalia, alikuwa amevaa suruali. Bibi yake ndiye aliyembadilisha nguo akahisi kwa mkono vipele vigumu kwenye matako na nyuma ya mapaja, akasema hebu dokta njoo ushike hapa. Kwa macho vilikuwa havionekani vizuri, mwanangu ni mweusi hasa. Kwa kushika ndio vikajulikana. Upasuaji ukasitishwa.

Swali langu: kwa nini tumbo lilitangulia? Na je, figo zake tutazifuatilia mpaka lini?

#7 · Mleta uzi

Pole mama, na mpe bibi shikamoo yangu. Alichofanya ni uchunguzi wa kitabibu kamili.

HSP ndiyo vaskulitisi inayowapata watoto wengi kuliko zote. Jina linatokana na madaktari wa Kijerumani Schönlein na Henoch wa karne ya 19, ingawa sasa inaitwa vaskulitisi ya IgA, kwa kuwa kingamwili hiyo ndiyo inayokwama kwenye kuta za mishipa midogo. Mara nyingi inafuata mafua au koo. Inagusa ngozi, viungo, utumbo na figo, lakini haifuati utaratibu. Kwa wengi vipele vinatangulia. Kwa baadhi, tumbo au magoti yanatangulia kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Huyo ndiye anayepelekwa chumba cha upasuaji. Na si kwamba tumbo ni la kupuuza: utumbo unaweza kweli kujisokomeza ndani ya utumbo, kwa hiyo ultrasaundi ya tumbo ni lazima.

Suala la rangi ya ngozi linahitaji kusemwa wazi. Picha za vitabu tulivyosomea zimejaa ngozi nyeupe yenye madoa mekundu. Kwenye ngozi nyeusi madoa hayo ni ya kizambarau kilichofifia, au weusi juu ya weusi. Chukua glasi safi, ukandamize: harara ya kawaida inafifia, damu iliyovujia kwenye ngozi haifutiki. Pitisha ncha za vidole, vaskulitisi ya IgA ina vinundu vinavyoshikika. Angalia nyayo, ambako ngozi ni nyeupe zaidi. Fanya hivyo kwenye mwanga wa dirishani. Taa nyingi za wodi zetu usiku zinadanganya.

Tahadhari kubwa: mtoto mwenye madoa yasiyofutika kwa glasi NA homa kali NA amelegea, huyo ni dharura ya maambukizi ya damu hadi ithibitike vingine. Akimbizwe hospitali muda huohuo. Mtoto wa vaskulitisi ya IgA mara nyingi hana homa kubwa, na chembe sahani zake ziko za kawaida, ndiyo tofauti mojawapo na magonjwa ya damu kushindwa kuganda.

Figo: apimwe mkojo kwa kijiti pamoja na presha, kila wiki mwanzoni, baadaye kila mwezi, hadi miezi sita itimie. Wanaopata shida ya figo karibu wote huonekana ndani ya muda huo. Kijiti cha mkojo ni bei rahisi, hata zahanati kinapatikana. Damu au protini ikionekana, rudini kwa daktari wa watoto. Usikubali kuambiwa "vipele vimeisha, amepona" mwezi wa kwanza.

#8 · Muuguzi, Mombasa

Hamjambo. Umetaja presha na mimi nimeona niseme. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi. Mikanda ya presha ya watoto ni shida kuipata. Ipo ya watu wazima, basi. Ukiifunga kwenye mkono wa mtoto inasoma chini kuliko ukweli, kwa hiyo mtoto mwenye presha anaandikwa hana. Mara nyingi hata haipimwi, ile sehemu kwenye chati inabaki tupu na hakuna anayeuliza.

Tulipata msichana wa darasa la saba, kichwa kinamuuma miezi, anachoka akifua nguo, mkono wa kushoto unaishiwa nguvu. Akapewa miwani. Baadaye akaanzishiwa dawa za TB kwa sababu alikuwa amekonda na ESR iko juu. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa akijifunza kuhesabu mapigo ndiye aliyesema, "Sista, mkono huu siupati." Tulidhani hajui kuhesabu. Mapigo kweli hayakuwepo.

#9 · Mleta uzi

Sista, umeleta Takayasu bila kulitaja jina. Huu ni ugonjwa wa mshipa mkuu wa aota na matawi yake makubwa. Mikito Takayasu alikuwa daktari wa macho, Mjapani, aliyeeleza mwaka 1908 mishipa isiyo ya kawaida ndani ya jicho la mwanamke kijana. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Ni ugonjwa wa nadra, lakini naona tuukalie macho kwa sababu unajificha vibaya kuliko yote.

Awamu ya kwanza haina alama yoyote yake yenyewe: homa ndogondogo, kukonda, jasho la usiku, uchovu, ESR juu. Soma tena orodha hiyo halafu niambie ni daktari gani wa Afrika Mashariki hatawaza kifua kikuu. Na ni haki awaze, maana mtoto huyohuyo anaweza kuwa na maambukizi ya TB kweli, na uhusiano wa magonjwa haya mawili umejadiliwa na madaktari kwa miongo mingi, hasa India na Afrika Kusini. Ugumu ni pale anapomaliza dawa za TB, ESR bado iko juu, bado anakonda, na watu wanaanza kusema ni TB sugu.

Awamu ya pili mishipa imesinyaa. Kwa watoto dalili inayoongoza ni presha ya juu, mara nyingi kwa sababu mshipa wa figo umebanwa. Hapa kuna mtego mwingine: ikiwa mshipa wa mkono ndio uliobanwa, presha ya mkono huo itasoma chini huku presha halisi ya mwili iko juu sana. Ndiyo maana presha ipimwe mikono yote miwili, na ikiwezekana miguu. Tofauti ya zaidi ya 10 kati ya mkono na mkono isipuuzwe. Mfuko wa hewa wa mkanda uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mkono wa mtoto. Shika mapigo ya kila mkono na ya kinena. Weka stetoskopu shingoni na juu ya kitovu usikilize mvumo. Baada ya hapo ndipo CT ya mishipa au MRI, ambazo ziko kwenye hospitali chache na ni gharama. Lakini hakuna anayemwandikia mtoto CT ya mishipa kama hakuna aliyeshika mkono wake kwanza.

Nimempenda huyo mwanafunzi. Natumaini kuna aliyemwambia alikuwa sahihi.

#10 · Mwanafunzi wa udaktari

Dokta, vipi ANCA? Tumefundishwa vaskulitisi inapimwa kwa ANCA.

#11 · Mleta uzi

ANCA, kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, inasaidia kwenye kundi la mishipa midogo, yale yanayoshambulia sinasi, mapafu na figo kwa pamoja. Kwa watoto ni nadra. Kwenye Kawasaki, vaskulitisi ya IgA na Takayasu haikusaidii, kwa hiyo ikirudi hasi usimwambie mzazi "hana vaskulitisi". Nimeona hilo likiandikwa kwenye faili.

Na mkumbuke mtoto mdogo mwenye kiharusi. Kwetu sikoseli ndiyo ya kwanza, VVU navyo vinaharibu mishipa ya ubongo. Vyote vikiwa hasi, na mtoto ana homa za kurudiarudia na ngozi yenye michirizi kama wavu, kuna ugonjwa wa kurithi unaoitwa DADA2, uliotambuliwa mwaka 2014 tu. Vipimo vyake ni vya vinasaba, vigumu kuvipata kwetu, lakini kujua upo kunasaidia kuuliza kama wazazi wana undugu wa damu au kama kuna ndugu aliyepata kiharusi utotoni.

#12 · Baba wa watoto wawili, Dodoma

Mkuu nimekuelewa, shaka imeniisha. Sasa sisi wazazi tufanye nini hasa? Na dawa yenyewe inapatikana?

#13 · Mleta uzi

Nunua daftari dogo, au tumia simu. Siku homa inapoanza andika tarehe na uiite siku ya 1. Kila siku andika joto la mwili kama una kipimajoto, dawa aliyopewa na saa, na kitu kipya ulichokiona. Piga picha: macho, ulimi, viganja, harara, kovu la BCG. Piga karibu na dirisha, bila taa ya simu. Harara ikifutika kesho, picha inabaki, na daktari wa siku ya saba ataona ya siku ya tatu. Simu za siku hizi zinaandika tarehe zenyewe kwenye picha, hiyo peke yake ni ushahidi. Ukilazimika kubadili kituo, beba karatasi zote, hata zile za duka la dawa.

Homa ikifika siku ya tano na hakuna aliyekupa jibu lililothibitishwa, usiongeze antibayotiki nyingine ya kununua dukani. Nenda mahali penye daktari wa watoto, na useme neno lenyewe: "Je, inaweza kuwa Kawasaki?" Hakuna daktari anayejiheshimu atakayekukasirikia.

Dawa ni imunoglobulini, IVIG, gramu 2 kwa kila kilo ya mtoto, inayotiririshwa mara moja kwa saa 10 hadi 12. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto kwa ajili ya Kawasaki. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye stoo ni mambo mawili. Inatokana na damu ya wachangiaji wengi mno, inahitaji baridi, na ni ghali kiasi cha kuuza mifugo. Hospitali kubwa ndizo zenye nafuu. Kwa Tanzania eko za watoto zinafanyika vizuri Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na hospitali kubwa za kanda. Mtoto wa wilayani akigunduliwa siku ya tisa, siku ya kumi iko njiani kwenye basi. Ndiyo maana siku ya tano ina thamani kubwa kuliko mashine yoyote iliyoko mjini. Hata hivyo, siku ya kumi ikipita na mtoto bado ana homa au CRP iko juu, apelekwe tu. Bado anatibika.

Aspirini ni sehemu ya matibabu, lakini NAOMBA SANA mtu asimpe mtoto aspirini nyumbani kwa kusoma uzi huu. Mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Na aliye kwenye aspirini kwa maelekezo ya daktari asichanganyiwe ibuprofeni, inazuia kazi ya aspirini.

#14 · Mama, Zanzibar

Wangu alipata hiyo IVIG mwaka huu, alhamdulillahi eko ya pili imetoka nzuri. Kliniki wananiambia nimlete chanjo ya surua, tarehe imefika. Nimpeleke?

#15 · Mleta uzi

Alhamdulillahi mama. Usimpeleke kwanza. IVIG ina kingamwili za watu wengi ndani yake, na hizo zinaiua chanjo hai kabla haijafanya kazi. Chanjo ya surua na rubela inasogezwa hadi miezi 11 baada ya IVIG. Isipokuwa kama kuna mlipuko wa surua mtaani kwenu: hapo daktari anaweza kuamua achanjwe mapema, kisha arudiwe baadaye. Chanjo zisizo hai, kama pentavalenti, haziathiriki na IVIG, aendelee nazo kwa ratiba yake.

Mwambie muuguzi wa kliniki aandike tarehe ya IVIG kwenye kadi ya mtoto, kwa wino, ukurasa wa chanjo. Na kama bado yuko kwenye aspirini, mtu yeyote nyumbani akiugua mafua au tetekuwanga mpigie daktari wake siku hiyohiyo.